Je, injini ya Passo ni mbovu kweli?

Mtajie fundi yeyote wa Dar es Salaam Toyota Passo ya 2004 hadi 2010, ile ya silinda tatu, na huenda akakujibu hivi: hiyo ikichemsha mara moja, anza kutafuta injini nyingine. Ukitaka gari dogo, anaongeza, chukua Toyota IST. Ushauri huo haukutoka hewani. Injini hizi zinakufa kweli, na wenye gari wanaumia. Swali ni nani anayeziua.

Injini inayosemwa ni 1KR-FE ya cc 996. Hiyo hiyo ilifungwa kwenye Vitz ya KSP90, na kule Ulaya ikaingia kwenye Aygo, Citroën C1 na Peugeot 107. Kuanzia 2007 hadi 2010 ilichukua kila mwaka tuzo ya kimataifa ya injini bora chini ya lita moja. Tuzo haizibi rejeta inayovuja, sawa, lakini inatosha kutufanya tusite kabla ya kuiita takataka.

Wanaoilaumu wana hoja moja nzito: haisamehi. Bloku na silinda hedi (kichwa cha injini kinachokaa juu ya bloku) vyote ni aluminiamu, na hedi ikipata joto kupita kiasi inapinda. Ikipinda hata sehemu ya kumi ya milimita, gasketi inayoziba kati ya hedi na bloku haishiki tena sawasawa. Jaza watu watano na mizigo, washa AC, panda mlima wa Kitonga mchana, na hapo hakuna nguvu ya akiba ya kuchezea. Anayesafiri hivyo kila wiki anunue gari lingine, hilo halina ubishi.

Kwa mizunguko ya mjini, hata hivyo, mambo ni tofauti, na hapa ndipo lawama inapokwenda kwa asiyehusika. Tazama oili. Injini hii inabeba takriban lita tatu tu, pamoja na filta. Ikila au ikivujisha lita moja, theluthi nzima imeondoka. Lita mbili zilizobaki zinafanya kazi ya tatu: zinapata joto zaidi, zinachafuka haraka, na kwenye kona au mlima pampu inaweza kuvuta hewa. Taa nyekundu ya oili haitakuokoa, kwa sababu inapima presha na si kiasi. Ikiwaka, huenda beringi zimeshaanza kulika. Zaidi ya hapo, kikaza cheni ya taimingi na mfumo wa VVT-i, unaorekebisha muda wa kufunguka kwa valvu, vyote vinasukumwa na presha ya oili hiyo hiyo. Ukiweka oili nzito ya 20W-50 kwa sababu "gari limezeeka", asubuhi inachelewa kufika juu, na cheni inapiga kelele sekunde chache za mwanzo. Weka 5W-30, badilisha kila kilomita 5,000, na chomoa kijiti cha oili kila wiki gari likiwa limepoa na limesimama sehemu tambarare. Dereva wa teksi mtandao anayesubiri kilomita 10,000 ili aokoe kopo moja la oili anaiwekea rehani injini nzima.

Shida ya pili iko kwenye dashibodi. Passo haina mshale wa joto. Ina taa ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikizidi moto. Katikati hapo huambiwi kitu. Hozi ikipasuka na maji yakaisha, sensa inabaki kwenye mvuke badala ya maji, na inaweza isisome joto halisi la hedi. Dereva anaendelea na safari akiamini mambo ni shwari. Pampu ya maji ya injini hii inajulikana kwa kuvuja, na dalili yake ni michirizi mikavu ya rangi ya kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta, upande wa mkanda. Aliyejaza maji ya bomba haoni michirizi hiyo, na kutu inakula pampu polepole. Halafu yuko fundi anayetoa thermostati, valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta hadi injini ipate moto, eti nchi yetu ni ya joto. Injini inakaa chini ya joto lake la kazi, kompyuta inaongeza mafuta, na petroli isiyoungua inashuka kwenye zile lita tatu za oili.

Kwa gharama, pampu, kulanti na mfuniko mpya wa rejeta ni kazi ya siku moja. Ukichelewa, unaingia kwenye gasketi, kuskimu hedi (kuisawazisha kwa mashine), oili mpya na ufundi: laki kadhaa. Injini ya mtumba ni milioni na zaidi, nayo hujui ilitunzwaje. Kinachoudhi ni hedi kuskimiwa vizuri, kisha gari likarudishwa barabarani bila mtu kuuliza lilichemshwa na nini. Feni haikuguswa, rejeta imeziba vile vile. Baada ya mwezi inachemsha tena, na lawama inaangukia Passo.

Kutetemeka ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, ni jambo jingine linalokuzwa. Silinda tatu hutetemeka kidogo kwa maumbile yake. Ikizidi, usikimbilie plagi na koili. Fungua boneti, mtu akanyage breki na kuhamisha gia kutoka D kwenda R. Injini ikiruka, mauntingi, zile raba zinazoshikilia injini, zimechoka.

Ukienda kununua iliyotumika hapa hapa, fika injini ikiwa baridi. Fungua rejeta uone kama ndani kuna kulanti au maji ya kutu. Geuza mfuniko wa oili: utando mzito kama maziwa ni dalili ya maji kuingia kwenye oili. Kisha washa mwenyewe na usikilize cheni sekunde tano za kwanza. Ukikuta muuzaji ameshaiwasha na imepata moto, mwambie utarudi kesho asubuhi.