Managu, Sukuma na Hesabu za Jikoni

Mwaka 2021 UNESCO iliweka juhudi za Kenya za kuokoa vyakula vya asili kwenye rejista yake ya mifano ya kuigwa. Sifa hiyo ni halali. Managu (mnavu), saga (mgagani) na terere (mchicha), zilizodharauliwa kama mboga za wakati wa njaa, sasa zinaagizwa hotelini Nairobi. Terere huota yenyewe penye samadi, mbegu mkulima hujiwekea, na majani yake yana chuma na vitamini A. Kwa hayo sina ubishi.

Kinachonikera ni kumwona mama anayeng'ang'ania sukuma wiki akihubiriwa kama mtu asiyejua lishe. Anajua anachofanya. Saga huchambuliwa jani kwa jani, vijiti vikatupwa, ikachemshwa, maji machungu yakamwagwa, wengine wakaitia maziwa na kuilaza hadi kesho. Fungu lililojaza karai linabaki konzi mbili. Na makaa je, ni nani anayelipia? Sukuma inakatwa, inakaangwa kwa kitunguu na nyanya, watoto wameshakula.

Halafu zile takwimu tunazotangaziwa aghalabu ni za jani bichi. Maji yanayomwagwa huondoka na vitamini C na foleti (moja ya vitamini B), na magadi ya kulainishia huzidi kuiharibu hiyo vitamini C. Kalsiamu ndiyo kichekesho. Watafiti wa Marekani walipopima spinachi mwaka 1988, walikuta mwili unafyonza takriban asilimia 5 tu ya kalsiamu yake, kwa kuwa oksaleti, kemikali iliyomo ndani ya majani yenyewe, imeishika. Miligramu mia kwenye jedwali, tano mwilini! Mwaka 1990 wakapima mboga ya jamii ya sukuma: asilimia 41, maziwa yakiwa na 32. Terere haikuwa kwenye vipimo hivyo, ila nayo imejaa oksaleti kama spinachi.

Si kwamba terere haifai. Karotini yake, ambayo mwili huigeuza vitamini A, huvumilia moto kuliko vitamini C, na tui au mafuta kidogo huisaidia kufyonzwa. Lakini hayo ni mambo ya sufuria, na kampeni nyingi huishia shambani.

Wapo akina mama mboga wanaouza managu iliyokwisha kuchambuliwa, kwa bei ya juu kidogo, na wateja wanaotoka kazini jioni wanainunua. Hao wameelewa kizuizi kiko wapi kuliko waandaaji wa semina.