Watu mia nne ndani ya hedifoni

Hector Berlioz, mtunzi wa muziki wa Kifaransa, hakuwa mtu wa kuomba kidogo. Mwaka 1837, alipoiandika Misa ya Wafu, aliorodhesha mahitaji yake kama fundi anayemwandikia mwenye nyumba hesabu ya saruji na nondo: waimbaji 210, ala za nyuzi 108, timpani (ngoma za okestra) 16, na vikundi vinne vya ala za shaba, yaani tarumbeta, tromboni na wenzake, vya kupangwa kwenye pembe nne. Halafu akaongeza kwamba hesabu hiyo si msahafu. Nafasi ikiruhusu, kwaya izidishwe mara mbili au tatu. Ila wakifika 700 au 800, wote waimbe sehemu za Dies irae, Tuba mirum na Lacrymosa tu. Sehemu nyingine wabaki 400. Yaani kwa Berlioz, watu mia nne ndiyo kuimba kwa kiasi.

Leo kazi hiyo wengi wetu tunakutana nayo kwenye simu. Umekaa kwenye daladala, unaweka hedifoni, na jeshi lote lile linapita kwenye kitundu kidogo kuliko ukucha. Ndiyo maana wapenzi wa rekodi za muziki huu hawaachi kubishana. Wapo wanaoshikilia kwamba muziki ulioandikiwa umati urekodiwe na umati, tena ndani ya kanisa kubwa, pamoja na mwangwi wake. Wenzao wanajibu kwamba maikrofoni haihesabu vichwa: lete waimbaji hamsini waliofundwa wakafundika, ala za aina iliyokuwepo enzi za mtunzi, ukumbi usio na mwangwi mwingi, na msikilizaji atapata kila neno. Ubishi huo unaigusa pia Misa ya Wafu ya Mwitaliano Verdi na Requiem ya Kijerumani ya Brahms, nayo muziki wa kukumbuka wafu, lakini kwa Berlioz ndipo unapouma.

Mimi nilianza upande wa wachache, na sababu yangu ilikuwa ya mfukoni. Kwaya yetu ya parokia iliporekodi albamu tulikuwa arobaini na kitu, na chumba cha studio kilitosha watu wanane. Tuliingia kwa mafungu. Sauti ya kwanza wakaimba, wakatoka wamelowa jasho, wakaingia sauti ya pili, hivyo hivyo mpaka besi. Fundi mitambo akatutuliza: atatunakili mara tatu, tutasikika mia na zaidi. Nikaona ametuokoa nauli. Albamu ilipotoka tulisikika kweli kama watu mia, ila mia waliokosea kwa pamoja. Kuna mama mmoja aliwahi kufunga "amina" nusu pigo kabla ya wenzake. Sasa aliwahi mara tatu, pale pale, kwa pumzi ile ile. Tulicheka sana, yeye akiwa wa kwanza, lakini kisa hicho kilinikaa kichwani.

Kwa sababu hesabu ya sauti, kwa kuitazama juu juu, iko na wachache. Ukizidisha waimbaji mara mbili unapata desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) tatu tu za nyongeza. Kutoka watu 40 hadi 400 ni desibeli kumi, na sikio huzipokea kama sauti iliyokua mara mbili hivi. Fikiria watu 360 wa ziada, nauli zao, chai yao, miezi yao ya mazoezi, kwa nyongeza ambayo fundi mitambo anaipata kwa kusogeza kidole. Anayelipa bili ataliona hilo mapema kuliko mwanamuziki.

Na kwa Verdi, nakiri, hoja yao ina nguvu. Misa yake huzungumzwa kana kwamba ilizaliwa na maelfu. Ilipoimbwa mara ya kwanza, tarehe 22 Mei 1874, katika kanisa la San Marco mjini Milano, kumkumbuka mwandishi Alessandro Manzoni aliyefariki mwaka mmoja kabla, kwaya ilikuwa ya watu wapatao 120 na okestra ya wapigaji wapatao 100. Uvimbe ulikuja baadaye. Mwaka uliofuata, London, ndani ya Royal Albert Hall, waimbaji walipita elfu moja, na aliyesimama mbele yao kuongoza ni Verdi mwenyewe, kwa hiyo hatuwezi kusema walimfanyia nyuma ya mgongo.

Lakini sikiliza ile ngoma kubwa ya Dies irae. Okestra inashusha mapigo manne, kwaya inapiga ukelele, na punde kidogo ngoma inajibu peke yake, ikiingia katikati ya mapigo ya wenzake. Verdi aliagiza ngozi ikazwe sana ili pigo litoke kavu na lenye nguvu. Kavu, amesema. Kwenye kanisa lenye mwangwi pigo hilo linageuka ngurumo inayobingirika na kuwafunika waimbaji. Kwenye rekodi ya kiongozi wa muziki John Eliot Gardiner na kwaya yake, Monteverdi Choir, ya miaka ya 1990, iliyotumia ala za aina ya zamani, linakuja kama mlango unaobamizwa na upepo. Unashtuka hata kama ulikuwa unalingoja. Toscanini, kiongozi mwingine wa okestra, New York mwaka 1951, ana ukavu huo huo, ingawa sauti ya rekodi yenyewe ni ya kizamani na imebanwa kama sanduku la safari. Kwa hiyo anayetaka Verdi wa radi ndefu ndani ya kanisa kuu anataka kitu kizuri, sikatai, ila asimsingizie Verdi.

Kwa Brahms sina mengi. Requiem yake haina vishindo vya namna hiyo, na kwaya ya wastani inayotamka Kijerumani vizuri inamtosha kabisa.

Tatizo la kambi ya wachache ni kwamba inaupima umati kwa kelele tu. Umati una historia yake kwenye rekodi. Kabla ya 1925 waimbaji walijikusanya mbele ya pembe ya bati iliyopeleka mitikisiko ya sauti moja kwa moja kwenye sindano, na walioweza kubanana hapo walikuwa wachache. Maikrofoni ya umeme ilipokuja, kitu cha mapema kabisa ambacho kampuni ya Columbia ilikikimbilia ni umati: Machi 1925 ilirekodi vyama vya waimbaji wa kiume vipatavyo watu 850 ndani ya Metropolitan Opera House ya New York, na kwa wimbo wa Krismasi Adeste Fideles hadhira nayo ikaimba, lebo ya santuri ikajigamba kwa sauti zaidi ya 4,000. Ukiisikiliza leo huwezi kuhesabu hata arobaini. Lakini unasikia kitu kingine, ule ukungu wa watu wasiofanana, wasio wataalamu, kila mmoja na koo lake.

Na kwaya kubwa za Uingereza ya karne ya 19 zilijengwa na watu wa namna hiyo. Wengi walikuwa wafanyakazi na makarani waliosoma solfa, mfumo wa kuandika noti kwa herufi, ambao mchungaji John Curwen aliukuza kutoka kwenye mbinu ya mwalimu Sarah Glover. Ni solfa hiyo hiyo wamisionari waliyotuletea, na mpaka leo karatasi za kwaya zetu zimejaa d, r, m na nukta zake. Mwanakwaya wa Mbeya au Kisii ana undugu wa moja kwa moja na wale makarani. Waimbaji hamsini wa kulipwa, wenye sauti zilizosafishwa mpaka zikafanana, wanaweza kumpa Berlioz usahihi. Mchanganyiko ule hawawezi kumpa, na kunakili hakusaidii. Yule mama wetu wa "amina" ni shahidi.

Turudi kwa Berlioz mwenyewe. Misa yake ilisikika mara ya kwanza tarehe 5 Desemba 1837 katika kanisa la Les Invalides, Paris, na jengo hilo ni sehemu ya okestra sawasawa na timpani. Vikundi vinne vimetengana, na sauti hutembea mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kikundi kilicho mita 40 mbali kinakufikia kimechelewa zaidi ya moja ya kumi ya sekunde. Moja ya kumi ni nyingi. Mwalimu wa kwaya anakutolea macho kwa chini ya hapo. Kurekodi hili ni kuchagua unachokubali kukipoteza.

Kati ya viongozi wa okestra walioirekodi, Charles Munch, Boston, 1959, alichagua ukumbi wa tamasha badala ya kanisa. Kila kitu kinasikika, mwendo una moto, na Léopold Simoneau anaimba sauti ya tenor peke yake katika sehemu ya Sanctus kana kwamba haina uzito wowote. (Berlioz aliruhusu mistari hiyo iimbwe pia na waimbaji kumi wa tenor kwa pamoja. Baada ya kumsikia Simoneau ni vigumu kuomba hao kumi.) Colin Davis, 1969, alikwenda Westminster Cathedral, London, na hapo tarumbeta zinakuja kutoka mahali, zina umbali. Davis huyo huyo aliirudia kazi hii mwaka 2012 ndani ya kanisa la St Paul's, akiwa na miaka 84, chini ya mwaka mmoja kabla ya kufariki. Mwangwi wa St Paul's unayeyusha maneno yote. Kwangu rekodi hiyo ni ya kuheshimiwa kuliko ya kurudiwa.

Kisha kuna Paul McCreesh, aliyerekodi Wrocław, Polandi, mwaka 2010 kwa zaidi ya watu 400 na ala za shaba za aina ya zamani, ndani ya kanisa. Huyu anavuruga kambi zote mbili: ana umati na ana ala za kihistoria kwa pamoja, na maneno hayapotei sana. Ningesema ubishi umekwisha hapo, kama si jambo moja. Rekodi ya stirio ina upande wa kushoto na wa kulia. Pembe nne za Berlioz, zilizokusudiwa kukuzingira mpaka ukose pa kukimbilia, kwenye hedifoni zinakuwa watu wamesimama mbele yako kwa mstari mrefu. Hata McCreesh hawezi kukuwekea tarumbeta kisogoni. Kwa Tuba mirum, basi, kila rekodi ni picha ya moto, na inayofafanua vizuri inafaa, ya umati au ya wachache.

Wanaobishana husahau kwamba vikundi vile vinne vya shaba vinaungana kwa kishindo katika sehemu tatu tu kati ya kumi. Sehemu ya tano kwaya inaimba bila ala hata moja. Na ya saba, Offertorium, ndiyo iliyonihamisha kambi. Okestra inazunguka na wimbo wake wa huzuni, na kwaya, roho zilizo toharani, karibu muda wote inaimba noti mbili. Mbili tu, zilizo jirani kabisa. Mwanasolfa anaweza kuzisoma mi na fa. Mi, fa, mi, kwa sauti ya chini, kimya, tena mi, fa, mi, dakika baada ya dakika, mpaka karibu na mwisho ndipo mlango unafunguka.

Kwaya ndogo ikiimba hapo unasikia watu wakiimba polepole. Unawasikia mmoja mmoja, huyu Mwingereza, yule ana mafua. Kwaya kubwa ikishusha sauti kiasi kile kile, uso wa mtu unapotea na kinachobaki ni kama hewa ya chumba. Ni hivyo hivyo kwenye ukurasa wa kwanza wa Verdi, ule mnong'ono wa "Requiem". Kiongozi Carlo Maria Giulini na kwaya ya Philharmonia Chorus, katika rekodi ya 1963 na 1964, wanakufanya ukague kama simu imezimika. Hapo desibeli kumi hazina kazi. Fundi mitambo anaweza kupandisha sauti ya watu hamsini. Hawezi kuwafanya wawe mia mbili wanaojizuia.

Nilimpelekea mwalimu wetu wa kwaya Offertorium ya Davis ya 1969. Ni mzee wa solfa, hana habari na Berlioz. Alisikiliza ameinamisha kichwa, vidole vikihesabu kwenye goti.

"Mi na fa tu?"

"Mi na fa tu, Mwalimu."

"Rudisha."

Nikarudisha. Safari hii alifumba macho, na nilidhani anasali.

"Wanapumua kwa zamu," akasema. "Sikiliza, haikatiki. Huyu akivuta pumzi yule anashika. Wako wangapi hao?"

"Wengi sana, Mwalimu."

Jumamosi iliyofuata alitupanga besi tujaribu, noti moja ya chini, kila mtu na zamu yake ya kuvuta pumzi. Tulikuwa sita. Kila aliponyamaza mmoja, pengo lilisikika mpaka mlangoni.