Vito vya Poniatowski: kosa liko kwenye jiwe au kwenye jina?

Mwaka 1839 Christie's ya London ilipiga mnada vito takriban 2,500 vya Mwanamfalme Stanisław Poniatowski, mtoto wa kaka wa mfalme wa mwisho wa Poland. Vingi vilikuwa akiki zilizochongwa visa vya washairi wa kale Homer, Virgil na Ovid, zikiwa na sahihi za mafundi wa kale kama Pyrgoteles na Dioskourides. Lakini fununu zilishazagaa kwamba vimechongwa Roma, na mafundi wa zama hizohizo, kwa agizo lake. Vikauzwa kwa bei ya kutupa, na soko zima la vito vya kuchonga likatiwa doa.

Wanaoviita bandia wana hoja nzito. Pyrgoteles alimchongea Aleksanda Mkuu, na hakuna kito chake hata kimoja cha uhakika kilichobaki. Iweje tajiri mmoja awe navyo kadhaa? Tena vito vya kale vya aina hii, vilivyotumika kama mihuri ya pete, kwa kawaida havizidi sentimita 2, ilhali hivi mara nyingi hufika 3 au 4.

Lakini mtazame fundi kazini. Akiki ina ugumu wa karibu 7 kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, kinachoishia 10; chuma laini hakiikwaruzi. Kinachokata ni vumbi la almasi lililochanganywa na mafuta ya zeituni, likipakwa kwenye ncha ya chuma inayozungushwa kwa gurudumu la kukanyaga. Ncha huzunguka palepale, fundi ndiye husogeza jiwe. Mafuta yale humfichia kazi yake, kwa hiyo kila mara hufuta, hukandamiza nta na kukagua umbo. Kila kitu huchongwa kinyume, na palipochimbwa zaidi ndipo patakapotokeza kwenye nta. Akizidisha kidogo kwenye goti la Achilles, goti litavimba; ama achimbe zaidi mwili mzima, ama alitupe jiwe.

Mtu mwenye mkono huo hakuhitaji kujificha nyuma ya Mgiriki. Giovanni Calandrelli, mmoja wa mafundi hao, ameacha michoro iliyohifadhiwa Berlin. Aliyeharibu ni mwenye mali, Poniatowski: orodha aliyoichapisha mwenyewe iliwataja wachongaji wa kale, si waliolipwa.

Anayeuziwa kimoja leo aanze kwa kukilinganisha na kumbukumbu za mkusanyiko huo zilizoko Oxford, kisha alipe bei ya kazi nzuri ya karne ya 19. Sahihi ya Kigiriki isimwongezee hata senti.