Tuzitazame Ubavuni Nyumba za Kiviktoria za San Francisco

Picha ya San Francisco inayosambaa kuliko zote, ukiondoa zile za Daraja la Golden Gate, ni ya nyumba za mbao za Kiviktoria, yaani za enzi za Malkia Victoria wa Uingereza, zilizopangana kando ya Barabara ya Steiner, zikitazamana na bustani ya Alamo Square, huku majengo marefu ya katikati ya jiji yakichungulia kwa mbali nyuma ya mapaa yake. Ni picha nzuri, sikatai. Hata hivyo, naiona kuwa ndiyo picha inayotufunza machache zaidi kuhusu nyumba zile, na mpenzi wa majengo ya kale angepata mengi zaidi kama angeondoka kwenye nyasi za bustani, akatembea mitaa ya jirani, akazitazama nyumba za aina hiyo kwa upande ambao wajenzi wake hawakutarajia kwamba mtu angesimama kuutazama.

Nyumba za Steiner, namba 710 hadi 720, zilijengwa kati ya mwaka 1892 na 1896 na Matthew Kavanaugh, mjenzi na mfanyabiashara aliyeishi hapo hapo jirani, katika namba 722. Alizijenga ili aziuze. Mchoro ni ule ule mmoja, umerudiwa nyumba hadi nyumba kwa tofauti ndogo ndogo, na mteremko wa barabara ndio unaozipa ule mpangilio wa ngazi unaopendeza machoni. Hiyo si dosari. Nyumba nyingi za Kiviktoria za jiji hili zilijengwa kwa namna hiyo: kampuni iliyoitwa The Real Estate Associates peke yake ilijenga zaidi ya nyumba 1,000 katika miaka ya 1870, ikiziuza kwa watu wa kipato cha kati waliolipa kidogo kidogo. Tunapozistaajabia leo kana kwamba kila moja ilikuwa kasri la tajiri, tunawanyima sifa makarani, wenye maduka na mafundi ambao ndio walioufanya mji huu uwe na sura yake.

Malkia Victoria alitawala Uingereza kuanzia mwaka 1837 hadi 1901, na jina lake likavuka bahari likaenda kukaa kwenye majengo ya nchi ambayo hakuitawala kamwe. San Francisco ilikuwa kijiji tu hadi dhahabu ilipogunduliwa California mwaka 1848. Baada ya hapo watu walimiminika, na nyumba zikahitajika haraka. Mbao zilikuwapo tele. Misitu ya miti mirefu ya redwood, iliyoota ufukweni kaskazini mwa jiji, ilitoa mbao zilizonyooka, laini kwa patasi na zinazostahimili kuoza na mchwa. Mbao hizo zilisafirishwa kwa meli hadi jijini, na huko zikaingia katika karakana zenye misumeno na mashine za kukerezea zilizoendeshwa kwa nguvu ya mvuke. Nguzo za baraza, vishikizo vya ukingo wa paa, maua na miale ya jua iliyochongwa juu ya milango, vyote vilitoka mashineni kwa wingi. Mjenzi alichagua katika orodha yenye michoro, akalipa, akavipigilia misumari ukutani.

Kwa msomaji aliyezoea milango ya Lamu au ya Mji Mkongwe, ambako fundi alikaa chini na kuchonga kwa mkono mlango wa mtu mmoja anayemjua, habari hii inaweza kuzipunguzia hadhi nakshi za San Francisco. Kwangu mimi inaziongezea. Hapa mashine ndiyo iliyomwezesha mtu wa kawaida kuwa na urembo ambao awali ulikuwa wa wachache, na mjenzi alionyesha ustadi wake katika kupanga na kuchanganya vipande vilivyokwisha kutengenezwa. Tena tusidhani kwamba Pwani yetu ilikuwa nje ya zama hizo. Mwaka 1887 Tharia Topan, mfanyabiashara mkubwa wa Unguja, aliweka jiwe la msingi la jengo lililokusudiwa kuadhimisha miaka 50 ya utawala wa Malkia huyo huyo. Lilikamilika mwaka 1894, likatumika kuwa zahanati, na hadi leo roshani zake za mbao zenye nakshi nyingi zinatazama bandari. Anayetaka kulinganisha kazi za mbao za miaka hiyo hiyo katika bahari mbili tofauti, basi ana mahali pa kuanzia.

Turudi ubavuni. Kiwanja cha kawaida San Francisco kilikuwa na upana wa futi 25 tu, yaani kama mita saba na nusu, na kina mara nne au zaidi ya hapo. Nyumba zikabanana bega kwa bega. Mwanga uliweza kuingia mbele na nyuma tu, kwa hiyo madirisha ya mbele yalichomozwa nje ili yanase jua kutoka pande tatu, na fedha yote ya urembo ikamalizwa kwenye uso unaotazama barabara. Pale ambapo nyumba ya jirani imebomolewa, au haikuwahi kujengwa, unaona jambo ambalo picha za mbele hulificha: ukuta wa mbao tupu zilizolazwa, bila ua wala nguzo, na ukingo wa paa unaokatika ghafla kama pazia lililoishiwa kitambaa. Katika nyumba za miaka ya 1870, zilizofuata mtindo wa Kiitalia, kuna hata vipande vya mbao vilivyokatwa kuigiza mawe ya kona. Kwa mbele vinadanganya vizuri sana. Ukisogea hatua chache kando, mchezo wote uko wazi, na mimi huupenda zaidi ninapouona ulivyochezwa.

Madirisha ndiyo njia rahisi ya kukisia umri. Yaliyochomoza kwa pembe za mshazari kwa kawaida ni ya miaka ya 1870. Yaliyochomoza kwa pembe za mraba, yakizungukwa na mbao nyembamba zilizosimama wima, ni ya miaka ya 1880. Na mnara wa mviringo, paa la pembetatu linalotazama barabara na vigae vya mbao vilivyokatwa kama magamba ya samaki ni dalili za mtindo wa Malkia Anne uliotamba hadi mwisho wa karne. Wapo wajenzi waliochanganya yote matatu, na hao hawasaidiki.

Nyumba zilizosalia hazikusalia kwa sababu zilikuwa nzuri kuliko nyingine. Tetemeko la tarehe 18 Aprili 1906, pamoja na moto uliowaka kwa siku kadhaa baadaye, viliteketeza takriban majengo 28,000. Barabara pana ya Van Ness ilifanywa kuwa kizuizi: majumba ya matajiri yaliyokuwa upande wake wa mashariki yalilipuliwa kwa baruti ili moto ukose kuni, na sehemu kubwa ya magharibi ikapona. Ndiyo maana mpiga picha anayetafuta nyumba za karne ya 19 leo anajikuta akizunguka Pacific Heights, Western Addition, Haight na sehemu ya kusini ya Mission.

Lakini hasara ya pili ilifanywa na watu, na hii ndiyo inayonifanya niione picha ya Alamo Square kuwa haijakamilika. Hatua chache tu kutoka bustani hiyo kuna mtaa wa Fillmore. Wajapani wengi waliokuwa wakiishi eneo hilo waliondolewa kwa nguvu na serikali mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na kupelekwa makambini. Nyumba walizoziacha zikakaliwa na Wamarekani Weusi waliokuja kufanya kazi katika viwanda vya meli wakati wa vita, na mtaa ukawa maarufu kwa kumbi zake za jazi. Kuanzia miaka ya 1950 mamlaka ya jiji iliyoshughulikia uendelezaji upya ililitangaza eneo hilo kuwa chakavu, ikabomoa takriban nyumba 2,500 za Kiviktoria, na maelfu ya familia zikahamishwa. Baadhi zilipewa vyeti vya kuahidiwa kurudi kwanza pindi makazi mapya yatakapokamilika, lakini nyingi hazikurudi. Nyumba chache zilinusurika kwa kunyanyuliwa nzima nzima katika miaka ya 1970, zikawekwa juu ya magurudumu na kuvutwa hadi viwanja vingine. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba anapiga picha za urithi wa jiji, kisha asigeuze kamera upande wa pili kuona maghorofa ya zege na Barabara pana ya Geary iliyopita pale palipokuwa na nyumba kama hizi, amepiga picha ya nusu ya habari.

Rangi nazo zina hadithi yake. Mgeni huamini kwamba zambarau, waridi na dhahabu anazoziona ndizo alizoziona Kavanaugh. Sivyo. Nyumba nyingi za wakati ule zilipakwa rangi tulivu za udongo na mawe, na wakati wa vita kuu za dunia, nyumba nyingi zikaishia kupakwa kijivu cha manowari kilichobaki jeshini. Ilikuwa mwaka 1963 ambapo msanii mmoja wa jijini, Butch Kardum, alianza kuipaka nyumba yake ya mtindo wa Kiitalia buluu na kijani kikali. Majirani walilalamika, kisha baadhi yao wakamwiga. Wapo wahifadhi wanaokunja uso mbele ya rangi hizo. Mimi siko upande wao. Rangi hizo ndizo zilizowafanya watu waone tena nakshi ambazo kijivu kilikuwa kimezizika, na nyumba iliyopendwa ilikuwa ngumu zaidi kubomolewa. Ninachoomba ni kwamba tusiziite za kale, kwa kuwa ni mali ya zama za wajukuu wa wajenzi.

Kuhusu upigaji wenyewe, jambo la kwanza ni kujua nyumba inatazama wapi. Nyumba za Steiner zinatazama magharibi, hivyo asubuhi huwa kivulini na jua liko machoni mwa mpiga picha. Mwenye subira huja alasiri. Nyumba ya Haas-Lilienthal, namba 2007 Barabara ya Franklin, iliyojengwa mwaka 1886 kwa ajili ya mfanyabiashara William Haas aliyezaliwa Bavaria, inatazama mashariki na inataka asubuhi. Hiyo ndiyo ningemwelekeza kila anayeanza, kwa sababu ina bustani ubavuni, jambo lisilo la kawaida hapa, hivyo mnara wake na pande mbili za nyumba huonekana kwa pamoja. Tena imepakwa kijivu, na kivuli ndicho kinachochora nakshi badala ya rangi. Ni makumbusho, kwa hiyo unaweza kuingia ndani bila kumsumbua mtu.

Jambo la pili ni kuiweka kamera sawa, isiinuliwe. Barabara ni nyembamba na nyumba ni ndefu, na mkono hutaka kuielekeza lensi juu; ukifanya hivyo kuta zinalaliana kama zinataka kuangukia nyuma. Ni afadhali uvuke barabara, usimame juu ya mteremko ili uwe usawa wa ghorofa ya kwanza, au ukubali kuacha paa nje ya fremu. Ukungu wa jiji usikukimbize. Mwanga wake usio na vivuli vikali hufaa sana kwa nyumba zinazotazama kaskazini, ambazo jua haliwahi kuzimulika sawasawa. Na kwa kuwa ndani ya nyumba hizi wanaishi watu wenye watoto na mapazia yao, njia ya waendao kwa miguu inatosha; ngazi za mbele ni za mwenyeji.

Nyumba ninazozitafuta zaidi siku hizi ni zile ambazo hakuna anayesimama kuzipiga. Katikati ya karne ya 20, wamiliki wengi waling'oa nakshi na kufunika mbao kwa lipu, matofali bandia au mabati ya alumini, wakiambiwa kwamba huko ndiko kwenda na wakati na kwamba gharama ya kupaka rangi itapungua. Mifupa ilibaki: dirisha lililochomoza, mlango ulioinuliwa juu ya ngazi ndefu, upana wa futi 25. Mmiliki wa leo anapoamua kubandua ganda hilo, mara nyingi hukuta kwenye mbao za redwood alama za rangi ya zamani zinazoonyesha umbo la kila pambo lililong'olewa, na seremala huzifuata alama hizo kukata mapambo mapya. Hatua hiyo ya matengenezo huwa fupi, kwani rangi mpya huzifunika tena, nazo huonekana vizuri zaidi jua likipita ukutani kwa ubavu; kwa hiyo ukiona jukwaa la mafundi limesimamishwa mbele ya nyumba ya lipu, muulize fundi ni lini wataanza kubandua, kisha urudi siku hiyo.