Bondi inayojieleza na nambari bubu

Jumamosi iliyopita, kwenye kikao cha chama chetu mtaani Umoja, mweka hazina alifungua daftari akasoma: FXD1/2018/25. Hakuhitaji kufafanua. FXD ni bondi ya Serikali yenye riba isiyobadilika, 1 ni toleo la kwanza la muda huo mwaka ule, 2018 ni mwaka wenyewe, na 25 ni miaka ya kungoja mtaji urudi. Kisha mama mmoja akauliza ile nambari nyingine ndefu, ISIN, yaani nambari ya kimataifa ya kutambulisha bondi au hisa, inatufaa nini kama jina limeshasema yote.

Jina halisemi yote. Bondi hiyo ikifunguliwa tena kwa wanunuzi mwaka 2026, itakuwa imebakiza miaka 17, lakini jina bado litataja 25. Tena jina halijilindi: ukikusudia FXD1/2012/20 ukaandika 2021, umepata jina jingine linalosomeka sawasawa, wala hakuna kitu ndani yake cha kukushtua.

ISIN inajilinda. Chukua ya hisa za Safaricom: KE1000001402. KE ni Kenya. Alama 9 zinazofuata hutolewa na wakala wa nchi, na 2 ya mwisho ni tarakimu ya ukaguzi. Hesabu yake inawezekana kwa kalamu. K inakuwa 20, E inakuwa 14. Acha ile 2 ya mwisho, anza kulia: zidisha tarakimu ya kwanza kwa 2, ya pili iache ilivyo, zidisha ya tatu, hivyo hivyo hadi mwanzo. Jibu likizidi 9, jumlisha tarakimu zake. Jumla ya zote ni 18, na kinachohitajika kufika 20, kumi kamili inayofuata, ni 2. Sasa mtu ageuze 14 iliyo karibu na mwisho iwe 41, aandike KE1000004102: jumla inakuwa 21, mwishoni ingepasa kuwa 9, na kompyuta inaikataa papo hapo. Hata jina la kampuni likibadilika, nambari inaweza kubaki. Mwaka 2020 Barclays Kenya iligeuka Absa, alama yake sokoni ikatoka BBK ikawa ABSA, lakini KE0000000067 ikabaki ile ile.

Hata hivyo siwezi kukubali kwamba ISIN peke yake inatosha, kama wanavyodai baadhi ya watu wa mifumo ya kompyuta. KE0000000315 ni hisa za benki ya KCB. KE0000000554 ni Equity. Zote mbili ni sahihi kihesabu, na mtu aliyenuia moja akachagua nyingine hataonywa na tarakimu yoyote. Ukaguzi hukamata kosa la kuandika, haukamati kosa la kuchagua. Hapo ndipo jicho la binadamu linahitaji neno linalosomeka, na ndiyo maana inaniuma ninapoona fomu za broka zenye nafasi ya utambulisho mmoja tu. Pesa za chama ni za watu waliojinyima kila wiki. Fomu ibebe jina na ISIN, kimoja kikikaguliwa kwa macho, kingine kwa hesabu.

Mweka hazina wetu hakungoja fomu zibadilike. Alichukua rula, akachora safu mpya daftarini kando ya majina ya bondi, akahesabu visanduku 12 kwa kila mstari, akaanza kunakili kutoka kwenye taarifa ya akaunti, tarakimu moja moja, huku jirani yake akimsomea.