Shangazi Alivyochezea Taarabu na Kidude cha Kufumulia Kikiwa Mbavuni

Gauni la shangazi nililipima Ramadhani, likavaliwa baada ya Idi. Mafundi wenzangu mmeshaelewa. Wengine niwaeleze tu: mteja uliyempima akiwa amefunga muongezee inchi kimya kimya, wala usimwambie. Nilimuongezea, na ndani ya mshono nikaacha ziada ya kutosha. Biriani za watu zikaimaliza ile inchi yote, tukabaki na hiyo ya mshononi.

Siku ya shughuli zipu ilifika kiunoni ikagoma. Haipandi, haishuki. Nje taarabu imeshakolea.

"Nifumueni humu humu nikiwa nimelivaa," shangazi akaamuru. "Mama wa bibi harusi sitoki na kanga mie!"

Nikatoa kile kidude cha kufumulia kwenye mkoba, nikampa binti yake, maana mimi nilikuwa nakwenda kwa jirani kutafuta uzi wa rangi ile. Nikamwelekeza vizuri: "Hii ncha ndefu ipitishe chini ya uzi, kata. Ruka nyuzi tatu, kata tena. Usisukume! Ukitaka kukitelezesha, huu ushanga mwekundu wa ncha fupi ndio ulalie kitambaa, ncha kali isikiguse. Mama naye asitikisike."

"Mimi nitikisike kwani nina degedege?" akajibu mwenyewe.

Kazi ikaanza. Mshono ulivyokuwa umevutwa, nyuzi zote zinaonekana, mtoto anakata tak, tak, tak. Nikaridhika, nikageuka niende zangu. Sijafika mlangoni, huko nje wakaupiga wimbo wake.

Jamani, yule mama ana wimbo wake. Ukipigwa, hata awe msibani, nyonga haimsikilizi. Akasahau kuna chuma mbavuni. Akajitupa kushoto, kidude kikabaki palepale mkononi mwa mtoto, na kitenge ndicho kilichopita. Chraaaa! Kutoka kwapani mpaka nyongani, tena si kwenye mshono, katikati ya ua. Na ule mkanda wa kubania tumbo nao ukaenda. Tumbo likashuka kwa kishindo, shangazi akavuta pumzi ndefu: "Alhamdulillah, sasa napumua."

Tulibana kwa pini, tukamfunika mtandio, akaambiwa mkono wa kushoto usiinuke mpaka watu waondoke. Akatuza kwa mkono wa kulia, akala kwa mkono wa kulia, akapiga vigelegele mkono umeganda ubavuni. Wageni wakaanza kumpa pole. Mama mmoja akamshika bega kwa huruma, akamwambia kuna mafuta ya habasoda, achuliwe jioni na asubuhi. Shangazi akaitikia, "Ahsante dada, ni baridi tu hii."

Usiku nikamkumbusha elfu ishirini alizobakiza.

"Nitakupa kumi," akasema, huku pini moja ikimchoma. "Gauni lenyewe nimevaa upande mmoja."