Mangi, Tubadilishane Deni

Mimi kupita mbele ya duka la Mangi nilishaacha. Nazungukia nyuma, kwenye dimbwi, kisa shilingi 86,400. Unga, sukari, vocha, na soda moja ambayo mpaka leo naikana.

Juzi nikasikia redioni habari za madeni ya nchi. Kumbe wakubwa wana ujanja! Mwaka 2006 Kenya ilipatana na Italia kuhusu deni la kama yuro milioni 44. Italia mdai akasema: msituletee hela, ziwekeni kwenye mfuko hukohuko kwenu, zifanye kazi za maji, afya na vyuo vya ufundi. Shelisheli nao mwaka 2015 deni la dola milioni 21.6 likapatiwa punguzo, sehemu ya malipo ikabaki kwao kulinda bahari.

Nikaenda dukani kwa mlango wa mbele, kifua wazi.

"Mangi, ile hela usinidai. Naitia kwenye maendeleo. Bati la jikoni linavuja."

Akaendelea kupima sukari. "Baba Neema, hao Shelisheli wao walitoa nini?"

Mdomo wangu huu! "Walitenga asilimia 30 ya bahari yao, watu wasivue ovyo."

Akamwita mke wangu. Wakafanya kikao ndani, mimi mdaiwa mwenyewe nakalia kreti nje kama mwizi wa kuku. Wakatoka na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la madeni: kila mwezi natoa elfu kumi, mshika fedha Mama Neema, kazi ni bati. Na ile glosari ya kona imekuwa hifadhi. Sivui humo mpaka jikoni paache kuvuja.

Hebu nisaidieni hesabu. Deni nililokuwa silipi hata senti, sasa nalilipa kila mwezi, na kiu juu! Huo ndio msamaha? Afadhali dimbwi langu.

Jana Mangi kaja kukagua mradi. Kapanda ngazi, kagongagonga bati, kashuka, kala ugali wetu na kuongezewa mchicha. Halafu kaandika ukutani kwa herufi kubwa: KWA HISANI YA MANGI. Rangi kaitoa dukani kwake.

Kaiandika daftarini. Upande wangu.